Jiko la Magurudumu Mawili

Kuku ndio waliotoa upinzani wa kwanza. Trela ya marehemu mzee Olivera ilikuwa imelala nyuma ya nyumba kwa muda mrefu hata kuku wa mjane wake, Mama Eufrasia, wakaiona ni mali yao. Walitaga humo, wakaatamia humo, na asubuhi Waldemar alipoiinua kwa jeki ili aivute uani, jogoo alimrukia miguuni kama anayefukuza mwizi. Mama Eufrasia, mama yake Waldemar, alikuwa amekaa mlangoni na kibuyu chake cha mate, yale majani machungu ambayo nchi ile huyanywa kama chai. Alivuta funda moja kwa bomba lake la bati, akatangaza kwamba jogoo yule ana akili kuliko mwanawe.

Nibia, mke wa Waldemar, hakucheka. Aliinama akatazama chini ya trela. Kutu ilikuwa imekula chuma cha pembeni mpaka unaweza kupitisha kidole, mbao za sakafu zilikuwa zimeoza, na tairi moja ilikuwa imepasuka. Ekseli ilikuwa nzima. Akasimama, akafuta mikono kwenye aproni, akasema itafaa.

"Itafaa kwa nini?" mkwewe akauliza. "Kumzikia mtu?"

"Kupikia, Mama."

Ilibidi ifae. Wiki iliyofuata Orosmán Techera angeondoka pale kijijini na kikosi chake cha wakata manyoya ya kondoo, wazunguke ranchi moja baada ya nyingine mpaka karibu na Krismasi. Mpishi wake wa zamani magoti yalikuwa yamemshinda, amekwenda kuishi kwa binti yake mjini na mkokoteni wake wa jiko ameuuza. Techera alikuwa tayari kumchukua Nibia, ambaye alipika shuleni mpaka watoto wakapungua na jiko la shule likafungwa. Lakini sharti aje na jiko lake, juu ya magurudumu yake. Asipokuwa nalo, kuna mtu wa ng'ambo ya mto mwenye mkokoteni uliokamilika, naye anangoja kuitwa tu.

Kwa watu wa kijiji kile msimu wa manyoya ndio mwaka. Anayeukosa huishi kwa kukopa dukani mpaka msimu mwingine, na mwenye duka humpimia mchele huku akipumua kwa nguvu. Waldemar alikuwa mkata manyoya tangu ujana wake, mwepesi na mwenye jina. Mwaka uliopita mgongo ulimkatalia katikati ya kazi, akarudishwa nyumbani amelala kifudifudi juu ya marobota ya manyoya. Tangu siku hiyo hakuna mwenye kikosi aliyemwita.

Techera alikuwa amelizungumzia hilo pia. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na muda wa kupaka maneno asali.

"Mpishi ana haki ya msaidizi mmoja," alimwambia Nibia. "Anachanja kuni, anachota maji, anasugua masufuria. Mumeo akiitaka nafasi hiyo, ni yake. Lakini mwambie kwa maneno hayohayo, asije kunifikia kule na masikitiko."

Nibia alifika nyumbani akamwambia mumewe kwamba Techera anawachukua wote wawili. Maneno yenyewe alibaki nayo.

Kazi ya trela ilianza kwa kuombaomba. Mbao za sakafu zilitoka kwenye makreti yaliyotupwa nyuma ya ghala la manyoya, na Nibia alizing'oa misumari moja moja, akainyoosha kwa nyundo ili itumike tena. Bati lilitoka kwenye banda la nguruwe lililoanguka kwa jirani, kwa bei ya kuku wawili, na kuku wenyewe walikamatwa Mama Eufrasia akiwa kanisani. Springi moja ilikuwa imevunjika. Walipata nyingine kwenye gari bovu lililooza karibu na reli, baada ya mwenye gari kuwasimamisha juani na kuwasimulia jinsi gari hilo lilivyokuwa zuri enzi zake. Beringi walizifua kwa mafuta ya taa, wakazijaza grisi. Kutu Nibia aliisugua kwa kipande cha tofali na mchanga mpaka kucha zake zikawa na rangi ya chai.

Waldemar alifanya kazi kwa vipindi. Mgongo ukianza kuuma alilala chali uani, miguu juu ya fremu ya trela, akatoa amri kutoka huko chini. Mama yake alimpelekea mate akanywa akiwa amelala, na nusu ilimwingia puani. Hata hivyo mikono yake ilikuwa na akili. Alikata nusu pipa la chuma kwa ajili ya moto, akalifungia wavu wa kuchomea nyama, akatengeneza rafu za masufuria zenye ukingo ili yasianguke njiani. Ilikuwa raha kumtazama. Kwa miezi mingi Nibia alikuwa amemwona ameketi tu, anafungua redio na kuifunga.

Katika nchi ile jiko la kikosi hupangwa namna moja tu: moto hukaa mkiani. Mkokoteni ukifika ranchi husimamishwa shingo yake, yaani chuma cha mbele cha kuvutwa, ikielekea banda la manyoya na mkia ukielekea uwandani, maana mbao za mabanda yale zimekunywa mafuta ya kondoo miaka na miaka, na cheche moja inatosha kulimaliza banda na vyote vilivyomo. Hivyo ndivyo walivyofanya baba zao na hakuna aliyewahi kuuliza. Waldemar aliurefusha mkia wa trela kwa urefu wa mkono, akaufunga huko moto, na tangi la maji kando ya moto, na sanduku la kuni chini yake.

Mbele, juu ya shingo, palibaki nafasi nzuri. Hapo alijenga benchi. Alilipiga msasa siku nzima, akatoboa matundu manne kupita ubao mpaka kwenye fremu ya chuma, ya kufungia jiwe la kunolea, akalitia droo iliyotandikwa ngozi ya kondoo kwa ajili ya visu vya mashine yake.

"Hii ya nini?" Nibia aliuliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Kikosi kinahitaji mtu wa kunoa visu. Techera hawezi kuwa ananichukua nikae bure." Alipuliza unga wa mbao, akapitisha kiganja juu ya benchi. "Na mgongo ukitulia, mashine yangu iko karibu. Mwezi wa kumi na moja hivi naweza kurudi kwenye mstari wa wakata manyoya."

Nibia akampa skrubu alizokuwa ameshika, na maneno ya Techera akabaki nayo. Aliuona woga wake mwenyewe akauchukia.

Siku ya majaribio alikuja Heber na pikapu ya Techera. Heber alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mchangamfu, na ndiye aliyepewa nafasi ya Waldemar kwenye mashine mgongo ulipomwangusha. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo isipokuwa Mama Eufrasia, ambaye kila alipomwona alimwuliza kama kiti alichokalia bado kina joto. Techera alitaka kuiona trela imejaa kama itakavyosafiri, kwa hiyo walijaza tangi maji, wakapakia kuni, magunia ya unga na viazi, na masufuria yote.

Kuifunga tu kulileta taabu. Shingo ilikuwa imeelekea juu kama ng'ombe anayenusa mvua, ikabidi Waldemar na Heber waikalie ndipo ishuke mpaka kwenye mpira wa chuma wa kuvutia ulio nyuma ya pikapu. Nibia aliliona hilo. Heber naye alisema mbona nyuma kuzito, na Waldemar akamjibu kwamba moto hukaa mkiani, hujui hata hilo?

Walifika salama mpaka mbele ya klabu, mahali ambapo wanaume wote wa kijiji hukaa Jumamosi kwa sababu hakuna pengine. Hapo barabara ina tuta dogo. Pikapu ilipanda, ikashuka. Trela ilipanda, na mkia ulipoanza kushuka shingo iliruka, ikang'oka kwenye mpira kwa mlio uliosikika mpaka stesheni, ikaelekea mbinguni. Trela iliketi kwa matako. Tangi lilikata kamba likamwaga maji yote barabarani, na masufuria yalibingirika moja baada ya jingine mpaka miguuni pa watu. Sufuria kubwa kuliko yote lilimfikia Techera mwenyewe aliyekuwa amesimama mlangoni pa klabu. Alilisimamisha kwa kiatu.

Mtu mmoja alipiga makofi. Mwingine akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Nibia aliokota masufuria akiwa ameinamisha kichwa, akasikia vicheko vikipita juu yake, na masikio yakamwaka moto. Waldemar hakuokota chochote. Alisimama ameshika shingo ya trela mahali chuma kilipopasuka, kama mtu aliyeshikilia mkono wa mgonjwa.

Techera alilileta sufuria mwenyewe. Alisema kwa sauti ya chini, na kwa hilo Nibia alimshukuru, kwamba anaondoka Jumatatu, na kwamba Jumapili jioni atampigia simu mtu wa ng'ambo ya mto.

Usiku ule walikula nyumbani. Trela ilibaki mbele ya klabu, imeegemezwa juu ya mawe, kwa sababu haikuwa na njia ya kurudi. Waldemar alilala chali sakafuni jikoni, kama alivyozoea, na Nibia akaosha vyombo akimpa mgongo. Ilikuwa rahisi kusema namna hiyo.

"Mzigo wote uko mkiani. Ule mkokoteni wa zamani ulikuwa na magurudumu manne, Waldemar. Ulisimama wenyewe hata ukiweka moto juu ya paa. Wetu una mawili."

"Najua."

"Umejua leo?"

"Nimejua tangu natoboa matundu," akasema. "Niliinua shingo kwa mkono mmoja nikaona ilivyo nyepesi. Nikajiambia moto ni wa mkiani, ndivyo inavyofanywa. Ningeuleta moto mbele, benchi ningeliweka wapi?"

Nibia aligeuka. Hasira ilimjia yote kwa pamoja, kisha ikamwishia, kwa sababu na yeye alikuwa na lake. Akakaa sakafuni kando yake akamwambia yale aliyoambiwa na Techera, kwa maneno hayohayo: kuni, maji, masufuria. Hakuna kunoa. Hakuna mstari. Akamwambia pia kwamba alijua tangu mwanzo, na kwamba alimtazama akipiga msasa benchi lile siku nzima akanyamaza.

Waldemar alikodolea dari macho.

"Kusugua masufuria," akasema hatimaye. "Mbele ya Heber."

"Mbele ya Heber na mbele ya kila mtu. Na mimi nikiwa hapohapo napika. Lakini siendi peke yangu miezi yote hiyo nikuache umelala hapa unaangalia dari. Na kubaki, sibaki."

Mama Eufrasia, waliyedhani amelala, aliwajibu kutoka chumba cha pili. "Afadhali. Sasa mmetoka sare kwa uongo, mwaweza kulala."

Hakuna aliyelala sana. Mvua ilianza kugonga bati, kwanza kidogokidogo, kisha kwa moyo wote.

Asubuhi Nibia alivaa koti la mumewe akaenda kwa Casimiro, fundi wa kuchomelea. Mvua ilikuwa imemfungulia njia mbili na alikuwa amezipigia hesabu kitandani. Ya kwanza: kondoo aliyelowa hakatwi manyoya, kwa hiyo Techera hawezi kuondoka mpaka anga lifunguke na jua liwakaushe. Ya pili aliiweka akiba.

Casimiro alimpokea akiwa amekaa, akamwacha amesimama kwenye matone. Ndiyo, angeweza kuchomelea shingo. Ndiyo, alikuwa na kichwa cha kuvutia cha mtumba, kizuri kuliko kile. Nibia akamweleza kwamba watamlipa pindi Techera atakapowalipa wao. Fundi alitikisa kichwa, akawasha sigara.

"Bibi mdogo, mimi sichomelei kwa pesa ambayo bado iko mgongoni mwa kondoo. Mwaka jana nilifanya hivyo kwa watu watatu. Mpaka leo nawaona wakivuka barabara wakiniona."

Alitaka pesa yake yote, mkononi, kabla ya kuwasha mashine. Nibia alimwuliza atafunga saa ngapi. Akasema akishiba.

Ndipo akaitumia njia ya pili. Katika nchi ile mvua ikinyesha kila mtu hutamani torta, mkate bapa wa duara wenye tundu katikati, uliokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na siku ya mvua asiyekula torta hujiona ameonewa. Nyumba nyingi huzikaanga zenyewe. Lakini klabuni siku ile kulikuwa na wanaume wa kikosi kizima wanaongoja mvua ikatike, waliokuwa wameshafunga mizigo na kuagana na wake zao, na hakuna mke anayekaanga torta kwa mtu aliyekwisha agana naye. Nibia alikuwa na magunia ya unga yaliyopakiwa ndani ya trela iliyovunjika mlangoni pao. Alikuwa na moto, sufuria, na bati la kumkinga.

Kurudi mahali pale palepale masufuria yalipobingirika kulimtaka moyo. Alipanda kwenye trela bila kumsalimu mtu, akasawazisha mawe chini ya mkia, akakanda unga. Kutoka mlangoni mmoja akauliza kama leo pia chakula kitakuja chenyewe mpaka miguuni. Nibia alimjibu kwamba leo miguu itakuja yenyewe kwenye chakula. Harufu ya mafuta ilipowafikia, wa kwanza akatoka na gazeti kichwani, na baada yake wengine, na punde kukawa na msururu kwenye matope.

Tatizo likawa kuni. Zilikuwa zimelala nje usiku kucha na zilikuwa zikitoa moshi kuliko moto. Mafuta yakaanza kupoa, torta zikaanza kunywa mafuta, na mtu mmoja akarudisha yake. Nibia alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Alipoinua uso, Waldemar alikuwa amesimama kwenye mvua na spana na msumeno.

Alipanda mbele ya trela taratibu, akijishika kiuno, akafungua boliti za benchi. Alitoa droo, akaikunja ngozi ya kondoo akaiweka ndani ya shati lake. Kisha akakata ubao wa benchi vipande vipande, ubao mkavu uliokingwa na bati, uliopigwa msasa ukawa laini kama sahani, akapita katikati ya rafu akavisukuma chini ya sufuria kimoja kimoja. Moto ukashika kwa mlio. Heber alikuwa mbele ya msururu na aliona yote. Alitazama chini, kwenye viatu vyake. Nibia alitaka kumshika mumewe mkono lakini mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni. Akaendelea kukaanga, na moyo wake ulikuwa umejaa kiasi kwamba aliwapa watu wawili torta za ziada bila kujua.

"Tangi nalo lije mbele," Waldemar alisema baadaye, akipima kwa macho pale benchi lilipokuwa. "Na moto. Magunia juu ya ekseli. Mkiani tubakize vyombo vitupu."

"Moto mbele?" aliuliza mzee mmoja wa kikosi, torta mkononi. "Haijapata kuonekana."

"Basi njoo uone," Waldemar akamwambia.

Techera alikula tatu, amesimama. Alilipa kama wengine. Alisema torta ni nzuri lakini torta hazisafiri, na kwamba hajampigia simu bado yule mtu wa ng'ambo ya mto, kwa sababu mto umejaa na hakuna atakayevuka leo wala kesho. Siku kondoo watakapokauka, atapita na lori. Trela ikiwa nyuma ya pikapu, Nibia ni mpishi. Isipokuwepo, asimlilie. Nibia alimwambia hajawahi kumlilia mtu, akamfungia torta ya nne kwenye karatasi, kwa bei ileile.

Jioni Casimiro alihesabiwa pesa yake, nyingi yake ikiwa sarafu zenye mafuta. Alizifuta moja moja kwa kitambaa akilalamika. Trela ilifika kwake kwa kusukumwa kwenye matope, na waliosukuma ni walewale waliocheka Jumamosi, maana tumbo lenye torta ni tumbo jepesi kushawishika. Alichomelea shingo mara mbili, juu na chini, ingawa alikuwa amelipwa ya mara moja.

Mvua ilikatika, jua likatoka na upepo wa kusini, na siku mbili zote za kungoja kondoo wakauke Waldemar alifanya kazi. Alipolala chali, Nibia alikaza boliti kwa kufuata sauti yake. Matundu manne ya jiwe la kunolea yalikuwa kwenye fremu bado; waliyatumia kufungia pipa la moto, na yaliingia sawasawa. Walipomaliza kupakia, Waldemar aliinua shingo kwa mikono miwili. Ikamwelemea kidogo, uzito kama wa mtoto aliyeshiba. Akaishusha taratibu, akasema sasa imekaa.

Mama Eufrasia alitoka kuwaaga. Alizunguka trela mara moja, akagonga bati la banda la nguruwe kwa kidole, akasema analitambua na kwamba siku watakaporudi watazungumza habari za kuku wake wawili. Kisha akampa Nibia kibuyu chake cha mate, akaingia ndani upesi na kufunga mlango.

Walifika ranchi ya kwanza saa tatu asubuhi. Trela ilikuwa imevuka tuta la klabu, na kijito chenye mawe, na mageti manane, ikifuata pikapu bila kuyumba, na Heber alipunguza mwendo kila penye shimo kana kwamba amebeba mayai. Kondoo walikuwa wamejaa zizini wakilia. Techera aliruka kutoka kwenye lori akaanza kupanga kila kitu kwa mkono wake ulionyooshwa: mashine hapa, mahema pale, jiko shingo kwa banda kama siku zote.

"Hapana, Bwana Techera," Nibia alisema. "Shingo uwandani. Moto uko mbele."

Techera aligeuka. Wanaume waliokuwa wakishusha mizigo wakapunguza kelele ili wasikie. Alisema kwamba katika kikosi chake jiko halijawahi kusimama hivyo, na kwamba hatarudisha pikapu nyuma mara kumi kwenye matope kwa sababu ya mtindo wa mtu.

"Hakuna haja ya pikapu," Nibia akamjibu. "Na jiko ni langu, moto ninausimamia mimi. Banda likiungua utanidai mimi."

Waldemar alikuwa ameshafungua kichwa cha shingo. Yeye na mkewe waliishika pande mbili, wakaigeuza trela pale ilipo, juu ya magurudumu yake mawili, nusu duara nzima, bila kuhema. Mkokoteni wa magurudumu manne usingegeuka hivyo hata kwa ng'ombe. Techera alitazama moto ulipoangukia, mbali na banda kuliko ulivyopata kuwa, akakuna shingo, akaenda kuwafokea watu wa mashine.

Adhuhuri walikula nyama ya kondoo na viazi. Wakata manyoya walitoka bandani wameloa jasho na mafuta mpaka mabegani, wakapanga mstari mbele ya jiko. Waldemar alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameinama juu ya sufuria kubwa lenye masizi, mikono imeingia mpaka kwenye viwiko. Heber alimjia akiwa ameshika kisu cha mashine kilichopoteza makali, akasimama akikigeuzageuza. Labda alitaka kumpa heshima, labda alizoea tu, maana kisu kikiwa butu kila mtu alikuwa akimpelekea Waldemar.

"Kaka Waldemar," akasema, "benchi niliona likiungua, ila jiwe la kunolea utakuwa nalo bado. Ninolee hiki, mkono wako ndio wenyewe."

Nibia alibaki na upawa hewani. Alimwona mumewe akikitazama kile kisu, akiujua kwa macho hata upande ulioharibika, na alidhani sasa atakipokea, na kesho kitakuja kingine, na kesho kutwa atajaribu kusimama mstarini na mashine, na mgongo utamwisha kabisa. Aliogopa kuliko alivyoogopa barabarani.

Waldemar alitoa mikono kwenye sufuria, akaikung'uta.

"Hakuna benchi, hakuna kunoa," alisema, kwa sauti ya kutosha mstari mzima kusikia. "Hapa ni jikoni kwa mke wangu, na mimi ni msaidizi wake. Wewe umekuja kwenye chakula na mikono ina mafuta ya kondoo. Pipa la maji lile pale. Kanawe."

Heber alikitia kisu mfukoni akaenda kunawa. Na waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, wakaitazama mikono yao, wakatoka mstarini wakamfuata.